Mzee Sanders Atafuta Kazi Upya

Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Habari hii ni ya kweli. Inamhusu mzee mmoja wa Marekani. Alipoteza kazi yake akiwa na umri wa miaka 65. Huo ni umri ambao wengi huambiwa wakae barazani wapumzike.

Utoto na ujana

Mzee huyo aliitwa Harland Sanders. Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890, karibu na Henryville, katika jimbo la Indiana. Alipokuwa bado mtoto mdogo, baba yake alikufa. Mama yake alilazimika kutoka kwenda kutafuta vibarua. Harland alikuwa mtoto wa kwanza. Akabaki nyumbani kuwatunza wadogo zake na kuwapikia. Hivyo alijua kupika angali mtoto mdogo.

Shule aliiacha mapema. Akafanya kazi nyingi. Alilima mashamba ya watu. Alichochea makaa katika garimoshi. Aliuza bima. Aliuza matairi ya magari. Lakini alikuwa na kasoro moja: alikuwa mwepesi wa hasira. Aligombana na wenzake kazini, na mara nyingine akafukuzwa kwa sababu hiyo. Kila alipofukuzwa, alitafuta kazi nyingine.

Hoteli ya kando ya barabara

Mwaka 1930 Sanders alipata kituo cha kuuza petroli huko Corbin, katika jimbo la Kentucky. Wasafiri waliosimama hapo walikuwa na njaa. Sanders akaanza kuwapikia. Hakuwa na hoteli. Aliwakaribisha kwenye meza ya nyumbani kwake. Chakula chake kilisifiwa, hasa kuku wa kukaanga. Mwaka 1935 gavana wa jimbo alimpa cheo cha heshima cha Kanali. Tangu hapo watu walimwita Kanali Sanders.

Kukaanga kuku kwa kikaango kulichukua muda mrefu, na wasafiri wana haraka. Mwaka 1939 akajaribu sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana mvuke ndani. Kuku aliiva upesi, na nyama ikabaki laini. Mwaka huo huo moto uliteketeza majengo yake. Akajenga upya. Hoteli mpya ilikuwa na nafasi ya watu wapatao 140.

Barabara yahamishwa

Baada ya mwaka 1950 serikali ilipanga barabara kuu mpya. Barabara hiyo haikupita mbele ya hoteli ya Sanders. Wasafiri wakapungua. Hoteli isiyo na wasafiri ni kama kisima kisicho na maji. Mwaka 1956 Sanders aliuza mali yake kwa mnada. Karibu fedha zote zikaishia kulipa madeni. Alibaki na pensheni ya wazee, dola 105 kwa mwezi. Kwa maisha ya Marekani, fedha hizo zilikuwa kidogo.

Mzee huyu angefanya nini? Nani angemwajiri mtu wa miaka 65?

Sanders alijiuliza: nimebaki na nini? Hoteli hakuwa nayo tena. Lakini ujuzi wa kupika kuku ulikuwa bado mikononi mwake. Tena alikumbuka jambo moja. Mwaka 1952 alimfundisha rafiki yake mwenye hoteli, Pete Harman wa mji wa Salt Lake City, kupika kuku kwa njia yake. Walikubaliana kwamba Harman amlipe Sanders senti chache kwa kila kuku. Biashara ya Harman ilikua sana. Basi, ikiwa mmoja amekubali, kwa nini wengine wasikubali?

Akatia sufuria na viungo ndani ya gari lake, akaanza safari. Alikwenda kutoka hoteli moja hadi nyingine. Aliomba ruhusa ya kuingia jikoni, akawapikia mwenye hoteli na wafanyakazi wake. Wakipenda, walipatana. Wasipopenda, alifunga mizigo yake akaendelea mbele. Usiku mwingine alilala ndani ya gari. Wengi walimkatalia. Mkewe Claudia alikuwa nyumbani, akichanganya viungo na kuvituma kwa wale waliokubali.

Kidogo kidogo idadi iliongezeka. Kufikia mwaka 1964 hoteli zaidi ya 600 zilipika kuku wake. Mwaka huo Sanders aliuza biashara hiyo kwa dola milioni 2. Hakukaa bure. Aliendelea kulipwa mshahara wa kuitangaza, akisafiri huku na huko. Alikufa tarehe 16 Desemba 1980, akiwa na miaka 90. Biashara aliyoianzisha, Kentucky Fried Chicken, imeenea katika nchi nyingi. Mwaka 2011 ilifungua duka Nairobi.

Tunajifunza nini?

Si kila mzee anayepoteza kazi atapata mali kama ya Sanders. Lakini kila mzee ana ujuzi. Fundi seremala, mpishi, mshonaji, mkulima wa miaka mingi: wote wana kitu ambacho vijana hawana. Sanders hakusubiri kazi imfuate nyumbani. Aliubeba ujuzi wake akaupeleka kwa watu wauone na wauonje. Tena alijifunza kustahimili kukataliwa, yeye ambaye ujanani alikuwa mtu wa hasira.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini wasafiri walipungua katika hoteli ya Sanders?
2. Sanders alibakiwa na nini baada ya mnada?
3. Je, katika kijiji chenu kuna wazee wenye ujuzi usiotumika? Ni ujuzi gani? Mtausaidiaje utumike?