Howard Hesseman, mtangazaji mpendwa wa redio isiyokuwako

Kuna redio moja ya Marekani ambayo haikuwahi kuwa na antena, na bado mamilioni ya watu wanaikumbuka kana kwamba waliamka nayo kila asubuhi. Iliitwa WKRP, na makao yake yalikuwa mji wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Ilikuwa redio ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni. Mtangazaji wake wa asubuhi aliitwa Daktari Johnny Fever. Hakuwa daktari, na hata hilo jina alijipa mwenyewe akiwa hewani.

Mtu aliyempa uhai ni Howard Hesseman. Alifariki Los Angeles tarehe 29 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 81, kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji. Siku hiyo watangazaji wengi wa redio za kweli walimlilia kama mwenzao wa kazi.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunaelewa kilio cha namna hiyo. Hapa Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, mtu anaweza kuishi miaka 10 bila kuona sura ya mtangazaji wake, lakini akiisikia sauti yake sokoni, anageuka. Sauti hiyo imemwambia saa, imemwambia barabara gani imefungwa, imemchekesha siku ambayo hakuwa na sababu ya kucheka. Kwa hiyo maisha ya Hesseman yanauliza swali ambalo hata kwetu lina maana: mtangazaji ni wa nani? Ni wa mwenye redio, wa mwenye pesa, au wa anayemsikiliza?

Kijana wa Oregon

Alizaliwa tarehe 27 Februari 1940 katika mji mdogo wa Lebanon, jimbo la Oregon, magharibi ya Marekani. Alisoma sekondari Silverton, mji mwingine mdogo wa jimbo hilo, akamaliza mwaka 1958, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oregon. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye jukwaa, na katika miaka ya 1960 alishuka hadi San Francisco, California.

Mji huo wakati ule ulikuwa unachemka. Vijana walikuwa wanapinga vita vya Vietnam, wanafuga nywele, wanatafuta muziki mpya na maisha mapya. Hesseman alijiunga na kundi la vichekesho lililoitwa The Committee, lililoanzishwa mwaka 1963. Wachezaji wake hawakukariri maneno. Walipanda jukwaani, wakachukua wazo kutoka kwa watazamaji au kutoka kwa habari za siku hiyo, wakaanza kucheza papo hapo. Walicheka siasa, vita, polisi na wao wenyewe. Hesseman alikaa nao karibu miaka 10, na hapo ndipo alipojifunza kuongea bila karatasi. Kwa muda fulani alitumia jina la Don Sturdy, na kwa jina hilo alionekana katika michezo kadhaa ya televisheni.

Redio ya kweli

Kitu ambacho watazamaji wengi hawakukijua ni kwamba kabla ya kuigiza mtangazaji, Hesseman alikuwa mtangazaji. Mwaka 1967 alifanya kazi ya Jumamosi katika redio KMPX ya San Francisco.

KMPX haikuwa redio ya kawaida. Wakati ule redio nyingi za muziki Marekani zilikuwa zinafuata orodha fupi: nyimbo zilezile zinazouzwa sana, zikirudiwa mchana kutwa, na mtangazaji anapiga kelele kati ya wimbo na wimbo. Mwaka huohuo wa 1967, Tom Donahue, mtangazaji mwenye uzoefu, aliitoa KMPX katika mtindo huo. Mtangazaji aliachiwa achague sahani za muziki mwenyewe. Angeweza kupiga wimbo wa dakika 10, kutoka blues akaenda rock, kisha akaleta muziki wa India. Aliongea polepole, kama mtu anayeongea na rafiki usiku. Mtindo huo ulienea haraka katika miji mingine.

Lakini uhuru ulikuwa na mipaka yake. Mwezi wa tatu mwaka 1968 wafanyakazi wa KMPX waligombana na wakubwa wao, wakagoma, na wengi wao wakahamia redio nyingine ya mji huohuo, KSAN. Wasikilizaji wakawafuata. Yeyote aliyepita karibu na redio hiyo alipata somo: mwenye redio anamiliki mashine, lakini wasikilizaji wanafuata sauti.

Johnny Fever anazaliwa

Katika miaka ya 1970 Hesseman aliishi kwa nafasi ndogondogo. Alionekana katika filamu ya Billy Jack mwaka 1971 na Shampoo mwaka 1975. Katika mchezo wa televisheni wa Bob Newhart alikuwa mmoja wa wagonjwa wa mwanasaikolojia. Uso wake ulijulikana, jina lake bado.

Mwaka 1978 mwandishi Hugh Wilson alikuwa anaandaa mchezo mpya kwa ajili ya televisheni ya CBS. Wilson alikuwa amefanya kazi ya kuuza matangazo, na wahusika wake wengi aliwatoa katika watu wa redio WQXI ya mji wa Atlanta. Johnny Fever mwenyewe alitokana na mtangazaji wa kweli wa redio hiyo, Bobby Harper. Hesseman alitakiwa kwanza ajaribu nafasi ya Herb Tarlek, muuza matangazo mwenye suti za rangi za ajabu. Alikataa. Alimtaka mtangazaji, kwa sababu alimjua.

WKRP in Cincinnati ilianza kuonyeshwa tarehe 18 Septemba 1978. Katika sehemu ya kwanza, redio inakufa taratibu kwa kupiga muziki wa usingizi unaosikilizwa na wazee wachache. Anafika direkta mpya wa programu, anaamua kuingiza rock. Ndani ya kabini kuna mtu amechoka, amevaa miwani ya jua, kikombe cha kahawa mkononi. Huyu alikuwa nyota Los Angeles, akafukuzwa kwa kutamka hewani neno moja la kitoto kuhusu uchafu wa puani. Tangu hapo amezunguka mji baada ya mji, kila redio na jina jipya. Anapoambiwa kwamba sasa yuko huru, anang'oa sindano kutoka kwenye sahani ya muziki wa usingizi, anaweka rock, anajibatiza Daktari Johnny Fever, na anatamka tena neno lile lile lililomfukuzisha. Mtu aliyelala miaka mingi anaamka mbele ya macho yetu.

Mengi aliyoyasema Johnny kwenye maikrofoni, Hesseman aliyatunga palepale, kama alivyozoea San Francisco. Ndiyo maana watu wa redio walimwamini. Namna alivyosogelea maikrofoni, namna alivyoingia kabla wimbo haujaanza kuimbwa, hayo hayafundishwi na mwandishi wa mchezo.

Kicheko, na siku ambayo hakukuwa na kicheko

WKRP ilichekesha sana. Watu bado wanasimulia sehemu ya tarehe 30 Oktoba 1978, ambamo mkuu wa redio, Bwana Carlson, anaagiza batamzinga warushwe kutoka kwenye helikopta kama zawadi ya sikukuu, akiamini wanaweza kuruka. Wanasimulia pia siku ambayo Johnny alikunywa pombe hewani mbele ya polisi ili kuwaonyesha wasikilizaji hatari ya kuendesha gari ukiwa umelewa. Polisi anapima wepesi wake, na kwa aibu kubwa, kila kikombe kinamfanya Johnny awe mwepesi zaidi.

Lakini mchezo huo ulikuwa na uti wa mgongo. Tarehe 3 Desemba 1979, katika mji wa Cincinnati wa kweli, vijana walikusanyika kwa wingi nje ya ukumbi kusubiri tamasha la kundi la The Who kutoka Uingereza. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti. Anayetangulia ndiye anayekaa mbele. Watu waliposukumana kuelekea milangoni, 11 walikufa kwa kukosa hewa.

WKRP ingeweza kunyamaza. Badala yake, tarehe 11 Februari 1980, ilionyesha sehemu iliyohusu msiba huo. Nusu ya kwanza wafanyakazi wa redio wanashangilia tamasha na kugawa tiketi. Nusu ya pili ni kesho yake, wanakaa na huzuni ya watu walioalika wengine kwenye furaha iliyogeuka kifo. Hapo mchezo wa kuchekesha uliweka wazi jambo ambalo kila mtangazaji anapaswa kulijua: ukiita watu mahali fulani, watakuja kwa sababu wanakuamini.

Sehemu nyingine iligusa rushwa ya muziki. Johnny anarudi kutoka Los Angeles, ambako kazi mpya haikudumu, anakuta mtangazaji mwingine amechukua nafasi yake. Kijana huyo anapokea kokeini kutoka kwa mtu wa kampuni ya sahani ili apige nyimbo fulani. Jambo hili halikuwa la kubuni tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kashfa ya watangazaji waliolipwa kwa siri ilitikisa Marekani, na mtangazaji maarufu Alan Freed alipoteza kazi yake mwaka 1959. Kwetu Kongo, tunaojua neno coupage, hatuhitaji maelezo marefu. Anayelipa kwa siri ananunua sikio la msikilizaji bila msikilizaji kujua.

Pengine kazi nzuri kuliko zote ya Hesseman ni ile ya mwaka 1981, Johnny anapokubali pesa za kuongoza emisiyo ya disko kwenye televisheni. Anavaa nguo za kung'aa na kujiita Rip Tide. Mwanzoni ni mchezo, halafu Rip Tide anaanza kumeza Johnny. Hesseman alicheza watu 2 ndani ya mwili mmoja, na mtazamaji anacheka huku akiogopa, kwa sababu kila mtu amewahi kujiuza kidogo akidhani atajinunua tena kesho.

Baada ya WKRP

Hesseman alipendekezwa mara 2 kwa tuzo ya Emmy, ila hakuipata. CBS ilihamisha saa ya mchezo mara nyingi hadi watazamaji wakapotea njia, na tarehe 21 Aprili 1982 ukafungwa baada ya sehemu 90. Ajabu ni kwamba ulipata wapenzi wengi zaidi uliporudiwa kwenye vituo vingine.

Hata hapo pesa iliingilia. Haki za nyimbo zilizokuwa zimelipiwa kwa bei nafuu ziliisha muda wake, na katika marudio nyimbo nyingi za kweli zilitolewa, zikawekwa nyimbo zisizo na jina. Johnny Fever, mtu aliyeishi kwa ajili ya sahani alizozichagua, akanyang'anywa sahani zake. Ni mwaka 2014 tu ndipo yalipotoka mkusanyo wa diski uliorudisha sehemu kubwa ya muziki wa mwanzo.

Yeye aliendelea na kazi. Alionekana katika filamu ya This Is Spinal Tap mwaka 1984 na Flight of the Navigator mwaka 1986. Kuanzia 1986 hadi 1990 alikuwa mwalimu Charlie Moore katika mchezo wa Head of the Class, akifundisha darasa la vijana wenye akili nyingi. Mwaka 1988 kundi hilo lilikwenda Moscow, likawa la kwanza la mchezo wa kuchekesha wa Marekani kurekodi katika Urusi ya Kisovieti. Baada ya miaka 4, bila kuridhika na mwelekeo wa mchezo, aliuacha ukiwa bado unaendelea, na nafasi yake ikachukuliwa na Billy Connolly. Miaka ya 1990 alirudi mara chache kama Johnny katika WKRP mpya.

Alimwoa mwigizaji Mfaransa, Caroline Ducrocq, aliyekuwa naye hadi mwisho.

Anachotuachia

Hesseman alicheza wahusika wengi, lakini jina lililobaki ni lile la mtu mchovu mwenye kahawa, anayefukuzwa mji hadi mji na bado hakubali kusema asichokiamini. Johnny Fever hakuwa shujaa. Alidaiwa pesa, alikunywa, alichelewa kazini, na mara moja alijiuza. Lakini taa nyekundu ya studio ilipowaka, aliongea na msikilizaji mmoja kana kwamba ndiye pekee aliyeamka mjini.

Redio nyingi za kwetu zinaendeshwa na vijana wanaolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa, na mara nyingi kuna mtu mlangoni mwenye bahasha, au mwenye amri. Kila asubuhi wanachagua. Msikilizaji hauoni uchaguzi huo, lakini baada ya muda anausikia katika sauti.