George Washington Carver: Tabibu wa Udongo

Wahenga walinena kuwa mgala muue na haki yake mpe. Methali hii inatufaa tunapomzungumzia George Washington Carver, mwanazuoni Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1943. Wengi wanaomtaja humhusisha na njugu tu, na hata kudai kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya njugu. Dai hilo halina mashiko, kwani siagi hiyo ilikuwako kabla yake, na mnamo 1884 mtu mwingine wa kutoka Kanada alikuwa amekwisha kupewa hataza ya aina yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sifa hiyo isiyo yake imeifunika sifa iliyo yake kwa haki: takriban miaka 47 ya kufundisha na kutafiti jinsi mkulima asiye na senti anavyoweza kuurutubisha udongo wake na kuilisha jamaa yake.

Carver alizaliwa utumwani karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Tarehe kamili haijulikani, maana watoto wa watumwa hawakuwa wakiandikwa kama watoto wa watu huru. Angali mchanga, yeye na mama yake, Mary, walitekwa na majambazi. Mtoto alipatikana, na inasimuliwa kuwa farasi mmoja alitolewa kuwa fidia. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa, George na nduguye James walibaki kulelewa na Moses na Susan Carver, waliokuwa wamiliki wao. Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, hakupewa kazi nzito za shamba. Alishinda jikoni, bustanini na msituni, akawa hodari wa kuuguza mimea hata majirani wakamwita tabibu wa mimea.

Safari yake ya kutafuta elimu ilikuwa ndefu. Akiwa kijana mdogo alihamia mji wa Neosho kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na shule ya watoto weusi. Baadaye alitangatanga Kansas akifua na kupika ili apate karo. Chuo kimoja katika mji wa Highland kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na rangi yake ikaonekana, akafukuzwa mlangoni. Mwaka 1890 alipokelewa katika Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, akasomea sanaa ya uchoraji. Mwalimu wake, Etta Budd, ndiye aliyemshawishi aingie katika chuo cha kilimo cha Iowa, mjini Ames. Alijiunga nacho mwaka 1891 akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896. Huko alibobea katika taaluma ya kuvu waletao magonjwa ya mimea, na angeweza kubaki akifundisha kwa utulivu.

Hakubaki. Mwaka huo huo wa 1896 Booker T. Washington alimwalika Tuskegee, Alabama, katika chuo cha watu weusi. Carver alikuta idara isiyo na maabara. Inasimuliwa kuwa aliwapeleka wanafunzi wake jaani, wakaokota chupa, vikopo na vipande vya waya, na kwa vitu hivyo akaunda vyombo vyake vya kwanza vya uchunguzi. Mwaka 1897 serikali ya jimbo ilianzisha kituo cha majaribio ya kilimo chuoni hapo kwa ruzuku ya dola 1,500 kwa mwaka.

Nje ya chuo, ardhi ilikuwa inakufa. Pamba ilikuwa imepandwa mwaka baada ya mwaka hadi ikaunyonya udongo rutuba yote. Wanasayansi wengi wa wakati huo walipendekeza mbolea za kununuliwa dukani. Carver aliuliza swali jingine: je, asiye na fedha za kununulia afanyeje? Jibu lake lilikuwa kupanda kunde, njugu na mimea mingine ya jamii hiyo, ambayo kwa msaada wa bakteria wa mizizini huitwaa naitrojeni ya hewani na kuirudisha udongoni. Aidha, alifundisha kubadilisha mimea shambani badala ya kung'ang'ania pamba, na kutengeneza mboji kutokana na majani makavu, samadi na tope jeusi la vinamasi. Kwake, taka lilikuwa jina la kitu ambacho bado hakijatumiwa. Leo twaita fikra hii kilimo endelevu.

Msomaji mpenzi, hapa ndipo sisi wana wa lugha tunapopaswa kutua. Carver alitambua kuwa utafiti usioeleweka na mkulima ni sawa na mbegu iliyofungiwa ghalani. Kuanzia mwaka 1898 alitoa vijitabu 44 vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, vikieleza jinsi ya kupanda, kuvuna, kupika na kuhifadhi. Kile cha mwaka 1916 kilieleza njia 105 za kuandaa njugu kwa mlo. Kwa wasiojua kusoma alibuni gari la kukokotwa na wanyama, lililopewa jina la mfadhili wake, Morris Jesup. Tangu mwaka 1906 gari hilo lilizunguka vijijini likiwa na mbegu na zana, likisimamiwa na Thomas Campbell, aliyekuwa mwanafunzi wa Tuskegee. Darasa likamfuata mkulima shambani.

Umaarufu ulimjia baadaye. Mwezi Januari 1921 alifika mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington kuutetea ushuru wa kulinda njugu za Marekani. Alikuwa ametengewa dakika 10 tu. Wajumbe walimwongezea muda walipoona bidhaa alizozitoa sandukuni. Tangu hapo magazeti yakamfanya mchawi wa njugu. Ukweli ni kwamba katika mamia ya bidhaa zilizohesabiwa kuwa zake, chache mno ziliingia sokoni, na alipata hataza 3 tu.

Haki haikamiliki bila kutaja kasoro. Carver hakuwa msimamizi mwema. Yeye na Washington walizozana mara kwa mara kuhusu mabanda ya kuku na taarifa zisizoandikwa. Kubwa zaidi, wengi wa wakulima aliowafundisha hawakumiliki ardhi. Walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mkopo wa dukani ulitolewa kwa dhamana ya pamba. Mtu aliyejua faida ya kunde hakuwa na idhini ya kuzipanda. Elimu ilimfikia, uhuru wa kuitumia haukumfikia, na juu ya hilo Carver alisema machache mno hadharani.

Swali hilo latuhusu. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya mkondo wa Tuskegee, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Mwafrika alifundishwa kilimo bora ilhali ardhi nzuri ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya kaburi la Washington. Hakuwahi kuoa. Akiba yake ya maisha, zaidi ya dola 60,000, aliiachia wakfu wa utafiti aliouanzisha chuoni humo.

Kwetu sisi tunaosomea Kiswahili, urithi wake ni changamoto. Matokeo mengi ya utafiti wa kilimo katika vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza na kulala maktabani, ilhali mama anayelima robo ekari hayasikii. Ni nani atakayemwandikia kijitabu chake, ikiwa si sisi?