Elisa, Marcela na Cheti cha San Jorge

Wanachuo wenzangu tunaosomea ualimu tunajua kitakachotukuta baada ya mahafali: kupangiwa kituo. Mmoja anapelekwa huku, mwenzake kule. Walioana wana afadhali kidogo, maana wanaweza kuambatanisha cheti cha ndoa na kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Asiye na cheti anabaki na nauli yake. Ndiyo maana nilipokutana na maisha ya Elisa Sánchez Loriga, mwalimu wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1862, niliyaelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Elisa alikutana na Marcela Gracia Ibeas katika chuo cha ualimu cha wanawake mjini A Coruña, katika mkoa wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Ilikuwa miaka ya 1880. Urafiki ulianza kama wa wanachuo wowote, kisha ukawa mapenzi. Wazazi wa Marcela walishtuka. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, na dawa waliyoiona ni kumpeleka binti Madrid, mbali kabisa. Haikusaidia. Marcela alimaliza masomo, akawa mwalimu, na wawili hao wakakutana tena kwenye vijiji vya Galicia walikopangiwa kazi. Waliishi pamoja kwa muda katika kijiji cha Calo. Mwaka 1889 Marcela akahamishiwa Dumbría, Elisa akabaki nyuma.

Miaka ikapita hivyo, walimu wawili wa vijijini, watu wakinong'ona. Hawakuwa na chama cha kuwatetea wala wakili, na wala hakukuwa na sheria ya kuwasemea. Basi Elisa akaja na mpango ambao mpaka leo ukiusikia unashika kichwa.

Kwanza walijifanya wamegombana. Majirani wakaambiwa Elisa ameondoka, na Marcela ataolewa na binamu yake Elisa, kijana anayeitwa Mario. Huyo Mario alikuwa Elisa mwenyewe. Alikata nywele, akavaa suti, akajitungia historia nzima: eti amekulia London na baba asiyeamini Mungu, ndiyo maana hakubatizwa. Hebu angalia ujanja huo. Mtu ambaye hajabatizwa hana cheti cha ubatizo, na kwa hiyo hakuna anayeweza kumuuliza cha zamani kiko wapi. Kilichobaki ni kuomba kipya.

Paroko wa kanisa la San Jorge mjini A Coruña, padri Víctor Cortiella, akakubali. Tarehe 26 Mei 1901 alimbatiza Mario. Tarehe 8 Juni 1901, baada ya ndoa kutangazwa kanisani kama desturi, akawafungisha ndoa mbele ya mashahidi. Hispania ya wakati ule ndoa ya Kanisa Katoliki ilitambuliwa na serikali, kwa hiyo walitoka pale wakiwa mume na mke kwa dini na kwa sheria. Wakaenda kupiga picha ya harusi. Picha hiyo ipo hadi leo: bwana harusi mwenye suti, bibi harusi mwenye gauni jeusi, wote wawili wametulia kana kwamba hakuna la ajabu.

Walitulia kwa muda mfupi sana. Walioijua sura ya Elisa hawakudanganyika kirahisi, na habari zikafika magazetini, kwanza Galicia, halafu Madrid. Wakawa kichekesho cha nchi nzima. Mario alichunguzwa na daktari. Akajaribu kujitetea kwamba ana jinsia mbili, utetezi haukusimama. Kazi za ualimu zikaota mbawa, Kanisa likawatenga, na hati ya kuwakamata ikatolewa. Wakakimbilia Ureno, mji wa Porto, ambako walikamatwa Agosti 1901 na kuwekwa gerezani. Hispania iliwataka warudishwe, lakini watu wengi wa Porto waliwahurumia, na mwishowe waliachiwa. Januari 1902, wakiwa hapo Porto, Marcela alijifungua mtoto wa kike. Kisha wakavuka bahari hadi Buenos Aires, Argentina, wakaanza upya kwa majina mengine.

Hata huko hawakupumzika. Mwaka 1903 Elisa, sasa akijiita María, aliolewa na mzee mmoja raia wa Denmark aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Mzee alipoanza kuhisi kuna jambo, alikwenda kushtaki kwamba mkewe si mwanamke. Madaktari wakampima, wakasema ni mwanamke. Yaani mtu yuleyule alipimwa Hispania ili kumvua uanaume, na Argentina akapimwa kwa kutiliwa shaka uanamke wake.

Najua hapa chuoni mada hii inagawa watu, na kila mmoja ana imani yake. Mimi sitaki kumhubiria mtu. Kuna wanaosema Elisa alikuwa tapeli tu: alidanganya padri, akadanganya majirani, akamdanganya na yule mzee. Uongo aliusema, sikatai. Ila nauliza, ofisi ingempa nafasi gani kama angesema ukweli? Angeingia San Jorge kwa jina lake halisi, angefukuzwa mlangoni. Sheria ilimwachia njia mbili, kuachana na Marcela au kuwa mtu mwingine, naye akachagua ya pili akijua gharama yake. Alikuwa na kazi ya kudumu, jambo ambalo wanawake wachache walikuwa nalo zama zile. Aliipoteza, na nchi pia akaipoteza.

Hawakuwa wanaharakati wala hawakuandamana. Walitaka karatasi ileile ambayo jirani yao aliipata bila kuulizwa maswali. Na pamoja na kelele zote zile, ndoa iliyoandikwa San Jorge haikufutwa, si na Kanisa wala na msajili wa serikali. Hispania iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2005. Ureno na Argentina, nchi mbili walizokimbilia, zilifuata mwaka 2010. Mwaka 2019 mwongozaji Isabel Coixet alitoa filamu kuhusu maisha yao, na A Coruña, mji waliotoroka, sasa una mtaa wenye majina yao.

Elisa hakuyaona hayo. Alichokuwa nacho ni ile siku moja ya Juni, na mwenzake aliyekubali kukimbia naye nchi tatu.