Bell wa Karamoja: muwindaji aliyeacha bunduki nzito akashika ndogo

Wanaokaa Aru, Ariwara ao Mahagi wanajua vizuri mpaka wetu na Uganda. Lakini wengi hawajui kama zaidi ya miaka 100 iliyopita, ng'ambo tu ya mpaka ule mpaka kwenye mto Nili, kulikuwa eneo lililoitwa Enclave ya Lado, na kama wawindaji wazungu waliikimbilia kwa ajili ya pembe za tembo, sawa vile leo watu wanakimbilia dhahabu. Mmoja wao njo tunamzungumzia hapa: Walter Dalrymple Maitland Bell, mtu wa Scotland, ambaye wenzake walimwita Bell wa Karamoja.

Alizaliwa mwaka wa 1880, karibu na mji wa Edinburgh. Baba na mama walikufa angali mtoto. Masomo hayakumpendeza, alikuwa anatoroka shule, na mbele hata ya kuwa kijana mzima alikuwa amekwisha kuingia kazi ya meli. Karibu na miaka 17 tunamkuta Afrika ya Mashariki, wakati Waingereza wanajenga reli ya Uganda. Kazi yake: kupiga simba waliokuwa wanakula wafanyakazi. Bunduki aliyokuwa nayo ilikuwa inaingia kartushi moja tu. Ukikosa simba, ni shauri yako.

Kisha akaenda Canada, kule Klondike, kwenye dhahabu. Hakupata dhahabu, alipata faranga kidogo kwa kuuza nyama ya pori, na mwenzake wa biashara akamuibia. Vita ya Waboeri ikaanza Afrika ya Kusini, akaingia jeshi la Canada juu ya kurudi Afrika. Farasi wake aliuawa, yeye mwenyewe akakamatwa, akatoroka. Tushike jambo moja katika vita ile: Waboeri walikuwa na bunduki za Mauser kutoka Ujerumani, za milimita 7. Kartushi iliyokuwa inarushwa kwa watu wa upande wake, njo ile Bell atakuja kuipenda kuliko zote.

Mwaka wa 1902 alielekea Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Wachuuzi Waswahili walikuwa wamekwisha kumtangulia kule kwa biashara ya pembe. Bell aliahidi kutoa ng'ombe kwa yeyote atakayemletea habari ya tembo wakubwa, na kwa wafugaji kama Wakaramojong hakuna lugha inayopita hiyo. Mmoja wao, Pyjale, akawa mwenzake wa kufuata nyayo kwa miaka. Vitabu vinasifu macho ya Bell. Ya Pyjale hayasifiwi sana, lakini bila yeye yule mzungu angezunguka tu katika majani.

Sasa tufike kwenye bunduki. Huku kwetu tukisema kalibri watu wanawaza kalibri 12 ya wawindaji wa kijiji. Kalibri ni kusema upana wa tundu la mdomo wa bunduki, na kila kalibri ina kartushi yake. Wakati wa Bell, kila mtu alisadiki kama tembo anataka kalibri kubwa. Ile ya .577 ina upana wa karibu milimita 15, inarusha risasi ya gramu 48, na bunduki yenyewe inafika kilo 6. Inapiga bega la mwenyewe karibu kama inavyopiga tembo. Tena ni nzito, basi mtu mwingine anaibeba, na siku ya hatari yule mtu pengine amekwisha kupanda mti.

Bell alijaribu kubwa na ndogo, akalinganisha. Aliona kama tembo aliyepigwa penye ubongo anaanguka palepale hata kwa risasi ndogo, na aliyepigwa pembeni anakimbia hata kwa risasi kubwa. Akachukua musumeno, akapasua kichwa cha tembo katikati aone ubongo unakaa wapi. Ubongo ule ni mdogo, umefichwa nyuma kabisa, na mbele yake kuna mifupa yenye matundu kama sega la nyuki. Tangu pale alijifunza kupiga kutoka kila upande, hata kutoka nyuma kwa mshazari.

Kartushi zenyewe alizibadilisha mara nyingi. Alianza na .303 ya jeshi la Uingereza, akajaribu milimita 6.5, ambayo kartushi zake zilimsumbua, kisha akatulia kwenye milimita 7. Duka la Rigby la London lilikuwa linanunua mitambo ya Mauser kule Oberndorf, linatengeneza nayo bunduki za kuwindia, na kartushi ile ya Wajerumani likaipa jina la Kiingereza: .275 Rigby. Jina jipya, kartushi ile ile. Risasi ilikuwa na gramu 11 tu, ngumu, isiyopanuka ndani ya mfupa.

Mtambo wa Mauser ulisifiwa juu ya hilo: fundi angeweza kuufungia mdomo wa .275, wa .318 ama wa .416. Lakini si kubadilisha mdomo tu. Chumba cha kartushi, sanduku la risasi, kichwa cha komeo, vyote vinapaswa kukubaliana na kartushi mpya. Visipokubaliana, bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Lado ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili. Alipokufa Desemba 1909, Wabelgiji walikuwa na miezi 6 ya kuondoka. Katika nafasi ile wawindaji waliingia wengi, kila mmoja anavyotaka. Bell pia aliwinda mle. Kwa maisha yake yote wanamuhesabia tembo zaidi ya 1,000, na karibu 800 kati yao kwa .275.

Sifa hiyo iliwadanganya wengi. Walinunua bunduki ndogo bila kupasua kichwa cha tembo kwanza, na waliacha nyama wenye vidonda porini. Nchi kadhaa za Afrika zilikuja kukataza kalibri ndogo kwa tembo.

Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta Bell rubani wa ndege, Tanganyika na kisha Ulaya, akapata nishani. Alizeeka Scotland, akiandika vitabu na kuchora, na alikufa mwaka wa 1954.

Katika pori la Garamba, si mbali na ile Lado, tembo walipita 20,000 katika miaka ya 1970. Leo hawafiki 2,000. Wengi waliuawa kwa bunduki za vita za milimita 7.62, zenye risasi nyepesi kuliko hata ya Bell, zikimwagwa ovyo juu ya kundi zima, majike na watoto pamoja. Moja ya zile .275 za Bell ilirudi kwa Rigby, London.