Kasisi Samuel Clarke, Mwanafalsafa wa Maumbile (1675–1729)



Mara nyingi vijana wetu wanaporudi likizo kutoka shule za sekondari na vyuo, hutuuliza kama mtu aweza kusoma fizikia kwa bidii na papo hapo akaendelea kusali kwa moyo wake wote. Swali hilo si jipya. Napenda kuwasimulia habari za kasisi mmoja wa Kanisa letu la Anglikana, aliyeishi Uingereza yapata miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Samuel Clarke. Alikuwa mchungaji wa mtaa. Alihubiri, alibatiza na kufundisha katekisimo. Lakini pia aliandika barua ambazo hata leo husomwa katika vyuo vikuu na kila mtu anayejifunza falsafa ya fizikia.

Pengine msomaji atauliza, falsafa ya fizikia ni kitu gani? Fizikia hupima: jiwe huanguka kwa mwendo gani, sayari hulizunguka jua kwa siku ngapi. Falsafa yake huuliza maswali yaliyo chini ya vipimo hivyo: mwendo wenyewe ni nini? Wakati ni nini? Nafasi, yaani ule uwazi ambamo vitu vyote vimekaa, ni kitu chenyewe, au ni jina tu?

Ujana na masomo

Clarke alizaliwa mjini Norwich, mashariki ya Uingereza, tarehe 11 Oktoba 1675. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa heshima aliyepata kuwa mbunge wa mji huo. Kijana alisoma katika shule ya mji wake, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo cha Gonville and Caius, akapata digrii yake mwaka 1695.

Wakati ule kitabu kikuu cha Isaac Newton juu ya mwendo na mvutano kilikuwa kimetoka miaka michache tu, mwaka 1687, nacho kilikuwa kigumu mno. Walimu wengi waliendelea kufundisha mawazo ya Descartes wa Ufaransa, aliyesema kwamba sayari huchukuliwa na mikondo ya vitu vyembamba sana, inayozunguka kama maji ya mto mahali penye kina. Kitabu cha kufundishia kilikuwa cha Mfaransa Rohault, mfuasi wa Descartes. Clarke alikitafsiri upya kwa Kilatini mwaka 1697. Katika matoleo yaliyofuata alizidi kutia maelezo yaliyoonyesha kwamba mambo sivyo, bali ni kama alivyofundisha Newton. Hivyo mwanafunzi alisoma somo la zamani, na masahihisho yake akayakuta katika kitabu hicho hicho. Mwalimu yeyote ataitambua busara hiyo: hakuwanyang'anya watu kitabu walichokizoea, bali aliwaongoza ndani yake polepole.

Kasisi na mhubiri

Baada ya kupewa daraja takatifu, Clarke alikuwa kasisi wa nyumbani kwa Askofu John Moore wa Norwich. Mwaka 1704 aliitwa London kutoa mahubiri yaliyoanzishwa kwa wosia wa Robert Boyle, mwanasayansi mcha Mungu, ili kuitetea imani ya Kikristo. Yalipendeza hata akaitwa tena mwaka 1705. Katika mahubiri ya kwanza alijaribu kuthibitisha kwa hoja, hatua kwa hatua, kama mtu afanyavyo jiometri, kwamba yuko Mungu wa milele.

Mwaka 1706 alikitafsiri kwa Kilatini kitabu cha Newton juu ya mwanga, ili watu wa nchi nyingine wapate kukisoma. Inasemekana Newton alifurahi hata akampa pauni 500, yaani pauni 100 kwa kila mmoja wa watoto wake watano. Mwaka 1709 alifanywa kasisi wa mtaa wa Mtakatifu Yakobo, Westminster. Kanisa hilo, lililojengwa na Christopher Wren, lipo hata leo katika barabara ya Piccadilly, London. Clarke alilitumikia miaka 20, mpaka kufa kwake.

Barua za kijana asiyejulikana

Mwaka 1713 Clarke alipata barua kutoka kwa mtu asiyetaja jina lake. Mwandishi alisema kwa adabu kwamba ameyasoma mahubiri yale, naye ameona hatua mbili ambazo hazimridhishi. Clarke, daktari wa theolojia mwenye sifa nchi nzima, angeweza kuitupa barua ile. Hakufanya hivyo. Alijibu kwa makini, na kijana akaandika tena, na tena. Kisha Clarke akazipiga chapa barua zile pamoja na majibu yake, ili wasomaji wa mahubiri yake wayaone na mapingamizi.

Kijana yule alikuwa Joseph Butler, mwanafunzi wa miaka 21 katika chuo kidogo cha Wakristo wasio wa Kanisa la Uingereza. Rafiki yake Thomas Secker ndiye aliyempelekea barua posta ya mji mwingine, ili asijulikane. Baadaye wote wawili waliingia katika Kanisa la Anglikana. Butler akawa Askofu wa Durham, na Secker akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema. Na kumjibu anayeuliza ni kazi ya uchungaji.

Mabishano na Leibniz

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya Clarke akumbukwe. Huko Hanover, Ujerumani, aliishi Leibniz, mmoja wa watu wenye akili nyingi kabisa wa zama zile. Yeye na Newton walikuwa wamekwisha gombana vikali juu ya nani aliyevumbua kwanza hesabu iitwayo kalkulasi. Mwaka 1715 Leibniz alimwandikia Caroline, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, akilalamika kwamba mafundisho ya Newton yanaidhoofisha dini. Caroline alimwonyesha Clarke barua ile. Ndipo yakaanza mabishano kwa barua, tano za Leibniz na tano za Clarke, zote zikipitia mikononi mwa Caroline. Wataalamu wengi huamini kwamba Newton alimshauri Clarke katika majibu yake.

Leibniz alianza hivi. Newton alisema kwamba mpango wa sayari huweza kuharibika kidogo kidogo, hata uhitaji kutengenezwa upya. Leibniz aliona hilo ni kumfanya Mungu fundi saa asiye hodari, ambaye saa yake lazima itiwe ufunguo na kurekebishwa kila mara. Fundi hodari hutengeneza saa inayokwenda yenyewe. Clarke alijibu kwamba si aibu kwa Mungu kuutunza ulimwengu wake kila saa. Hiyo ndiyo enzi yake. Mfalme ambaye nchi yake yaendelea sawasawa bila yeye kufanya lolote ni mfalme wa jina tu. Tazama, ndugu msomaji: wote wawili walimwamini Muumba. Walilobishania ni namna ya kumheshimu.

Kisha wakafika kwenye nafasi. Newton na Clarke walisema kwamba nafasi ipo yenyewe, hata kama vitu vyote vingeondolewa. Leibniz akakataa. Alisema nafasi ni mpango tu wa vitu vilivyopo pamoja, na wakati ni mpango wa mambo yanayofuatana. Hoja yake ilikuwa ya nguvu: Mungu hatendi neno bila sababu. Kama nafasi ingekuwa kitu chenyewe, kila mahali sawa na pengine, Mungu angekuwa na sababu gani ya kuuweka ulimwengu hapa na siyo pale? Clarke alijibu kwamba mapenzi ya Mungu yatosha kuwa sababu.

Tena akatoa mfano wa merikebu. Mtu aliyefungiwa chumbani melini, meli ikienda sawasawa, hajui kama inakwenda au imesimama. Lakini mwendo ule ni wa kweli, maana meli ikisimama ghafula, matokeo yake yataonekana. Hata sisi tunalijua hilo tunapopanda basi: dereva akifunga breki ghafula, abiria wote hutupwa mbele. Basi, alisema Clarke, kama ulimwengu wote ungekuwa unakwenda, mwendo wake ungekuwa wa kweli hata kama hakuna anayeuona.

Leibniz alifariki mwezi Novemba 1716, kabla ya kujibu barua ya tano ya Clarke. Mwaka 1717 Clarke alizipiga chapa barua zote, za mwenzake na zake. Hakuzificha hoja zilizomsumbua.

Ni nani aliyeshinda? Mwaka 1883 Ernst Mach aliyashambulia tena mawazo ya Newton juu ya nafasi, na mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba hakuna wakati mmoja unaopita sawa kwa watu wote. Kwa hiyo nafasi na wakati hazikubaki kama Clarke alivyozitetea. Lakini nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 haikumpa Leibniz ushindi wote, na wanafalsafa wangali wanabishana.

Dhamiri na cheo

Sipendi kumfanya Clarke mtakatifu asiye na doa. Mwaka 1712 alitoa kitabu juu ya Utatu Mtakatifu, baada ya kukusanya mistari zaidi ya 1,200 ya Agano Jipya. Mwisho wake alisema kwamba Baba peke yake ndiye Mungu aliye juu ya yote, na Mwana yuko chini yake. Hayo siyo tunayokiri katika Imani ya Nikea, na Kanisa lilihesabu kwamba amekosea. Rafiki yake William Whiston alikuwa amekwisha fukuzwa Cambridge mwaka 1710 kwa mafundisho yaliyokaribiana na hayo. Mwaka 1714 makasisi waliokutana katika baraza lao walimshitaki Clarke kwa maaskofu. Aliahidi kwamba hatahubiri wala kuandika tena juu ya jambo hilo, na kesi ikaisha. Wengine walimwona mzushi. Whiston alimwona mwoga.

Hata hivyo alifanya jambo moja lililomgharimu. Kila kasisi aliyepewa cheo kipya alitakiwa kutia sahihi Makala 39 za dini. Clarke aliona kwamba hawezi tena kutia sahihi kwa moyo mweupe, kwa hiyo hakukubali tena cheo chochote kinachodai sahihi hiyo. Mtu aliyetazamiwa kuwa askofu akabaki kasisi wa mtaa wake. Mtu aweza kumlaumu kwamba aliendelea kushika hata mtaa ule. Lakini hakuununua ukubwa kwa sahihi ya uongo.

Newton alipofariki mwaka 1727, Clarke alitakiwa ashike nafasi yake ya kusimamia kiwanda cha serikali cha kutengeneza fedha, kazi yenye mapato ya zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka. Alikataa, akiona kwamba ni kazi ya kidunia isiyolingana na ukasisi.

Mwaka 1728 aliandika tena juu ya fizikia: nguvu ya kitu kinachokwenda ipimweje, kwa mwendo wake, au kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe? Yeye alishika la kwanza, na wafuasi wa Leibniz la pili. Leo wanafunzi hufundishwa kwamba vipimo vyote viwili vina kazi yake: kimoja huitwa momenta, kingine hupima nishati. Kila upande ulishika sehemu ya kweli ukadhani ni yote.

Jumapili tarehe 11 Mei 1729, alipokuwa akienda kuwahubiria mahakimu, alishikwa na maumivu ubavuni, asiweze kuhubiri. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Mei, akiwa na miaka 53. Mwaka ule ule yalitolewa maelezo yake ya Katekisimo ya Kanisa, yaliyotokana na mafundisho yake kwa watu wa mtaa.

Mtume Petro atuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Basi mtoto akirudi shuleni na swali gumu juu ya nyota au mwanzo wa ulimwengu, tusimwambie anyamaze. Tuketi naye, tumsikilize mpaka mwisho, na tukishindwa kujibu, tumpeleke kwa mwalimu au kwa kasisi. Huenda anayeuliza ni Butler wa mtaa wetu.