Mathias Zdarsky: Mwalimu wa skii aliyefukiwa na theluji aliyoijua

Mtu aliyewafundisha maelfu ya wakaazi wa Vienna kuteremka milima mikali juu ya mbao za skii alikuwa na jicho moja tu. Mathias Zdarsky alizaliwa tarehe 25 Februari 1856 huko Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki na wakati huo lilikuwa chini ya himaya ya Austria, na jicho lake la kushoto alilipoteza angali mtoto. Alisomea ualimu, akajifunza pia uchoraji na uchongaji, kisha mwaka 1889 akaiacha kazi ya darasani na kuhamia Habernreith, shamba lililojitenga milimani karibu na mji mdogo wa Lilienfeld, kusini-magharibi mwa Vienna.

Huko ndiko alikosoma habari za Mnorway Fridtjof Nansen, aliyeivuka Greenland kwa skii mwaka 1888. Zdarsky aliagiza mbao kama hizo kutoka Norway. Zilipofika zilikuwa na urefu wa karibu mita tatu, nzuri kwa nchi ya vilima vya wastani, lakini karibu hazifai kitu katika miteremko ya Lilienfeld yenye misitu na mawe. Hakuwa na mwalimu wala jirani wa kumwuliza, kwa hiyo alijaribu peke yake kwa miaka kadhaa. Alizifupisha mbao, akaunda kifungio cha chuma kilichoushika mguu imara, na kwa kutumia fimbo moja ndefu akabuni namna ya kugeuka kushoto na kulia hadi chini bila kuanguka. Mbinu hiyo aliieleza katika kitabu kilichotoka katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mafunzo aliyatoa bila malipo. Watu walikuja kwa treni kutoka Vienna, wakapanga mistari kwenye theluji kama wanafunzi wa jeshi, na mwalimu, aliyesifika kwa ukali wake, akawasahihisha mmoja baada ya mwingine.

Walikuwepo waliompinga. Wafuasi wa mtindo wa Norway waliidharau fimbo yake moja, na mzozo wake na afisa wa jeshi Georg Bilgeri uliendelea kwa miaka. Zdarsky hakuwa mtu wa kukubali kirahisi kwamba mwingine yuko sahihi.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko mabishano ya fimbo. Maporomoko makubwa ya theluji hutokea hasa kwenye miteremko yenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 30. Chini ya hapo theluji kwa kawaida hutulia, na kwenye magenge makali mno haipati nafasi ya kujikusanya kwa wingi. Kabla ya Zdarsky, mtu mwenye skii aliiepuka miteremko hiyo kwa sababu hakuweza kuiteremka. Mbinu ya Lilienfeld iliufungua mlango. Aliyejifunza kugeuka aliweza kushuka mahali ambapo zamani hofu pekee ingemzuia, na hofu hiyo, tukubali, ilikuwa imeokoa maisha ya wengi.

Zdarsky aliitambua hatari hiyo mapema kuliko wengi. Alichunguza jinsi theluji inavyojipanga tabaka juu ya tabaka, na jinsi tabaka moja dhaifu lililofichika chini linavyoweza kuvunjika kwa uzito wa mtu mmoja na kuachia bamba zima la mlima. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika katika milima ya Alps, jeshi la Austria-Hungary lilimtumia kama mwalimu wa skii na mtaalamu wa maporomoko. Kazi haikukosekana. Katika vita hivyo theluji iliua maelfu ya askari wa pande zote mbili. Tarehe 13 Disemba 1916 pekee, poromoko moja lilifunika kambi ya Waaustria kwenye mlima Marmolada na kuua mamia. Majeshi yalifikia hata kuipiga mizinga miteremko iliyo juu ya adui ili theluji imwangukie.

Miezi kadhaa kabla ya msiba huo, tarehe 28 Februari 1916, siku tatu baada ya kutimiza miaka 60, Zdarsky alikuwa katika milima ya Carnic kwenye juhudi za kuwaokoa askari waliofukiwa. Poromoko jingine lilishuka na kumchukua yeye. Alitolewa akiwa hai, mwili wake ukiwa na takriban sehemu 80 zilizovunjika au kuteguka. Madaktari hawakuwa na matumaini makubwa. Yeye alijitengenezea vifaa vya kunyoosha viungo, akajifundisha upya kutembea, na baada ya miaka mingi ya maumivu akarudi kwenye skii. Karibu na mwaka 1930 alichapisha maandishi yake kuhusu elimu ya maporomoko, mojawapo ya kazi za mwanzo katika fani hiyo.

Silaha ya vita iligeuzwa kuwa kinga. Leo katika vituo vya skii vya Austria na nchi nyingine za Alps, baruti hulipuliwa alfajiri ili theluji iporomoke kabla watu hawajafika, na juu ya vijiji kumejengwa uzio wa chuma. Hata hivyo kinga hiyo huishia pale njia zilizoandaliwa zinapoishia. Anayepanda mlima mwenyewe kutafuta theluji ambayo haijakanyagwa hana wa kumlipulia mteremko, na mara nyingi poromoko linalomuua huwa ameliamsha yeye au mwenzake.

Watu wa kizazi cha Zdarsky waliburuta kamba nyekundu nyuma yao, wakitumaini kwamba wakifukiwa kipande kingebaki juu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kuna kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, na baadaye ukaja mfuko wa hewa unaovimba mgongoni. Tangu 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi tano, na katika miaka hiyo hiyo mwongoza milima wa Uswisi Werner Munter aliwafundisha watu kukadiria hatari kwa hesabu rahisi badala ya kutegemea hisia za mzoefu. Wengi walipinga, hasa wazoefu. Vifo vingi hutokea katika ngazi ya tatu, ya katikati, ambayo masikioni mwa wengi haitishi, na swali kama vifaa vipya vinawaongezea watu usalama au ujasiri tu bado linabishaniwa.

Zdarsky alifariki dunia mjini St. Pölten tarehe 20 Juni 1940 akiwa na umri wa miaka 84. Mbao zake na fimbo yake vinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Lilienfeld.