Marekani: Frederick Law Olmsted, fundi wa bustani za wagonjwa, alifia kwenye kilima alichokichagua mwenyewe

Mwaka wa 1898, jamaa ya Frederick Law Olmsted ilimpeleka mzee huyo katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya McLean, pale Belmont, karibu na mji wa Boston. Alikuwa na miaka 76. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, na kazi aliyoifanya karibu miaka 40 hakuiweza tena. Lakini mahali hapo hapakuwa pageni kwake. Miaka zaidi ya 20 mbele ya siku hiyo, wakubwa wa McLean walikuwa wamemwita awasaidie kutafuta kiwanja kipya, na kilima hicho chenye miti ndicho alichowaonyesha. Hata katika ugonjwa wake jicho la fundi halikulala: alilalamika kwamba mpango aliowapa haukufuatwa.

Watu wengi wanamjua Olmsted juu ya Central Park, bustani kubwa iliyo katikati ya New York. Wachache wanajua kwamba mtu huyohuyo ni kati ya wale wa kwanza waliochukua uwanja wa hospitali kuwa ni sehemu ya dawa. Kwake, majani, kivuli na njia ya kutembea vilipaswa kupangwa kwa uangalifu uleule muganga anaoutumia kupima dozi.

Alizaliwa tarehe 26 mwezi wa nne mwaka 1822 huko Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake, John Olmsted, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mwenye mali ya kutosha lakini asiye na maneno mengi. Mama yake alikufa mbele mtoto hajatimiza miaka minne. Baba alikuwa na desturi moja iliyobaki ndani ya mtoto maisha yote: alikuwa akiipandisha jamaa kwenye gari la farasi na kuizungusha polepole katika mabonde na mito ya sehemu hiyo, bila safari yoyote ya lazima, kutazama tu.

Masomo hayakumwendea vizuri. Alipokuwa kijana wa miaka 14, majani ya mti mmoja wenye sumu yalimdhuru macho, na njia ya kwenda chuo kikuu cha Yale ikafungika. Akajaribu huku na kule. Mwaka wa 1843 alipanda mashua ya biashara iliyokwenda China, akiwa mtumishi wa chini kabisa, na akarudi mwaka uliofuata akiwa amedhoofika kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa matunda na mboga. Kisha akawa mkulima katika kisiwa cha Staten Island, kwenye shamba alilonunuliwa na baba. Hadi miaka 35 hakuwa na kazi ambayo mtu angeweza kuitaja kwa neno moja, na baba ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya majaribio hayo.

Mwaka wa 1850 alitembea kwa miguu katika inchi ya Uingereza pamoja na mdogo wake John na rafiki mmoja. Karibu na Liverpool aliona bustani ya Birkenhead, iliyochorwa na Joseph Paxton. Kilichomshika hakikuwa maua. Ni kwamba bustani hiyo ilikuwa ya watu wote, na maskini walitembea ndani yake sawa na matajiri. Huko Marekani kwao, hakuna mji uliokuwa umejenga kitu cha namna hiyo.

Kati ya mwaka 1852 na 1854 gazeti moja la New York, lile linaloitwa leo New York Times, lilimtuma kuzunguka majimbo ya kusini, mahali watu weusi walikuwa bado watumwa. Aliandika alichokiona shamba kwa shamba, pamoja na hesabu, akionyesha namna utumwa ulivyomponda mtumwa na kuiharibu inchi yenyewe. Habari hizo zilikusanywa katika kitabu cha The Cotton Kingdom, mwaka wa 1861, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza.

Mwaka wa 1857 alipata kazi ya kusimamia vibarua kwenye uwanja wa Central Park. Hapa kuna jambo ambalo sifa zake nyingi zinaliruka. Sehemu moja ya ardhi hiyo ilikuwa kijiji cha Seneca, mahali watu weusi walio huru walikuwa na viwanja vyao, nyumba na makanisa. Walikuwa karibu 225. Serikali ya mji iliwaondoa mbele Olmsted hajachora mstari hata mmoja, kwa hiyo uamuzi haukuwa wake. Lakini ni juu ya ardhi hiyo jina lake lilijengwa.

Mwaka uliofuata yeye na arkitekti Calvert Vaux walishinda shindano la kuchora bustani hiyo. Mipango 33 ilikuwa imeletwa. Wao walizificha barabara nne za kuvuka mji ndani ya mitaro mirefu, ili mtu aliye bustanini asione magari ya farasi wala asisumbuliwe nayo. Wazo hilo la kuficha kinachochosha jicho atalibeba baadaye hadi kwenye hospitali.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Mdogo wake John alikufa kwa kifua kikuu huko Nice, Ufaransa, mwishoni mwa mwaka 1857, na karibu na kufa alimwandikia akimwomba asimwache mke wake Mary ateseke. Mwaka wa 1859 Olmsted alimuoa Mary na kuwalea watoto watatu wa marehemu kama wake, jambo ambalo wazee wengi wa Kivu wangelielewa bila kuelezwa. Mwaka wa 1860 gari lake la farasi lilipinduka, mguu wake wa kushoto ukavunjika vibaya, na siku chache tu baadaye mtoto wao mchanga akafa. Alichechemea hadi mwisho. Usiku hakupata usingizi, kichwa kilimuuma, na mara kwa mara huzuni nzito ilimwangusha kitandani kwa majuma. Aliposema kwamba akili ya mtu inaweza kuchoka kama mgongo unavyochoka, alikuwa anajizungumzia yeye mwenyewe vilevile.

Vita ilimpeleka karibu zaidi na wagonjwa. Kuanzia mwaka 1861 hadi 1863 aliongoza kazi za tume ya afya iliyosaidia jeshi la kaskazini. Alishughulika na maji safi, vyoo vya kambi, mifereji na chakula. Tume hiyo ilipeleka viazi na vitunguu kwa askari ili wasishikwe na kiseyeye, ugonjwa alioujua kwa mwili wake. Mwaka wa 1862, katika mito ya Virginia, alipanga mashua zilizogeuzwa hospitali, akapokea majeruhi kwa mamia, wengine wakiwa wamelala siku nyingi bila muganga. Alitoka huko amechoka kabisa.

Mwaka wa 1865, akiwa California, aliandika ripoti juu ya bonde la Yosemite. Humo alieleza kwamba kutazama mandhari ya asili kunaipumzisha akili bila kuifanyisha kazi, na kwamba watu wanaokosa pumziko hilo wanaweza kuangukia katika magonjwa ya akili na ya mwili. Akaongeza kuwa matajiri wa inchi nyingi wamejitwalia mahali pazuri kwa ajili yao peke yao, na serikali inapaswa kuwawekea wengine pia.

Wazo la kumtibu mgonjwa wa akili kwa bustani halikuwa lake. Huko York, Uingereza, jamaa ya Tuke, waumini wa Quaker, walifungua nyumba ya wagonjwa mwaka wa 1796, baada ya mwanamke mmoja wa kanisa lao kufia katika hospitali ya mji ule. Waliacha minyororo, wakawapa wagonjwa bustani, kazi za mikono na heshima. Marekani ikafuata njia hiyo. Huko Philadelphia muganga Thomas Kirkbride alichapisha mwaka wa 1854 kitabu kilichoeleza hadi vipimo vya vyumba na madirisha, na alitaka kila hospitali iwe na ardhi kubwa kuizunguka. Kilichokosekana ni fundi wa kuipanga ardhi hiyo. Sehemu nyingi iliachwa kuwa shamba tu, au ilijazwa vitanda vya maua kama mbele ya nyumba ya tajiri.

Olmsted alianza na mji wake wa kuzaliwa. Karibu na mwaka 1860, yeye na Vaux walishauri juu ya uwanja wa Hartford Retreat, hospitali iliyofungua milango mwaka wa 1824, alipokuwa mtoto wa miaka miwili. Walitaka vitu vidogovidogo viondolewe, majani yapate nafasi pana, na miti mikubwa isimame mmoja mmoja au kwa makundi. Jacob Weidenmann ndiye aliyeitimiza kazi hiyo.

Mtu aliyezoea bustani za maua angeweza kushangaa. Olmsted hakupenda maua ya rangi kali mahali pa wagonjwa. Aliona kwamba kitu kinachoita jicho kinaidai akili ifanye kazi, na akili iliyochoka ndiyo hasa isiyopaswa kudaiwa. Alitaka mgonjwa apone kidogokidogo bila kujua ni nini kinachomsaidia. Kwa hiyo majani yalikuwa mapana, na mwisho wake ulipotelea katika kivuli, ili jicho lisigonge ukuta. Njia zilipinda taratibu. Mtu aliendelea kutembea kwa sababu hakuona bado inakoishia, wala hakulazimika kuchagua njia kila hatua. Kando ya uwanja miti ilipandwa kwa wingi ili kuficha barabara na macho ya wapita njia. Sanamu na mapambo aliyakataa.

Ukuta ulikuwa shida kubwa zaidi. Hospitali ya namna hiyo haiwezi kukaa wazi kabisa, na mgonjwa anayetazama ukuta kutwa anajua amefungwa. Katika baadhi ya hospitali za Uingereza na Australia za karne hiyo, ukuta ulijengwa ndani ya mtaro: aliye upande wa ndani anaona majani yanaendelea hadi mbali, lakini akifika ukingoni anakuta shimo na ukuta mrefu chini yake. Mtu anaweza kuuliza kama huo si udanganyifu. Bila shaka ni udanganyifu kidogo, lakini aliyewahi kulala majuma mengi akitazama saruji hatakosa kuuelewa.

Kazi yake kubwa ya hospitali ilikuwa Buffalo, jimbo la New York. Kuanzia miaka ya 1870 alifanya kazi pamoja na arkitekti H. H. Richardson kwenye hospitali ya serikali yenye minara miwili mirefu na wodi zilizopangwa kwa mfano wa mabawa ya ndege. Ilifunguliwa mwaka wa 1880. Uwanja ulikuwa wa ekari 203, yaani hekta zipatazo 82. Alishauri nyumba igeuzwe upande gani ili jua liingie wodini. Mbele aliweka majani na miti ya kutembelea; nyuma kulikuwa na mashamba ambamo wagonjwa walilima chakula. Hii ilikuwa hospitali ya umma. McLean na Hartford zilijulikana zaidi kwa wagonjwa wa jamaa zenye pesa, lakini Buffalo ilipokea hata wasio na kitu, na walipewa uwanja uliochorwa na mkono uleule.

Alizeeka akifanya kazi kupita nguvu zake. Kuanzia Brookline, karibu na Boston, alichora bustani za miji mingi, uwanja wa maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, na shamba la Biltmore la tajiri George Vanderbilt. Kisha kusahau kukaanza. Mwaka wa 1895 aliacha kazi, ikaendelea mikononi mwa wanawe, John Charles, yule aliyemrithi kwa marehemu mdogo wake, na Frederick mdogo. Mwaka huohuo wagonjwa wa McLean walihamia kwenye kilima cha Belmont. Miaka mitatu baadaye naye akawafuata.

Alikufa huko tarehe 28 mwezi wa nane mwaka 1903, akiwa na miaka 81. Majivu yake yalipelekwa Hartford, kwenye kaburi la jamaa.

Hospitali alizozichorea viwanja hazikukaa kama alivyotaka. Katika karne ya 20 nyumba za wagonjwa wa akili za Marekani zilijazwa kupita kipimo, na pesa za kutunza bustani zilikuwa za kwanza kukatwa. Huko Buffalo, mwaka wa 1927, upande wa mashamba ulitolewa kwa chuo cha walimu. Wagonjwa waliondolewa baadaye katika jengo la Richardson, likakaa tupu miaka mingi, na minara yake imegeuzwa hoteli.

Kipimo cha wazo lake kilikuja mwaka wa 1984. Mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya hospitali moja ya Pennsylvania, akilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walikuwa na dirisha linaloangalia miti, nusu nyingine dirisha linaloangalia ukuta wa matofali. Wale wa miti walirudi nyumbani mapema zaidi. Wale wa ukuta waliomba dawa kali za maumivu mara nyingi zaidi.